Ushabiki si Mshahara

Neno ambalo wahariri wa majarida ya mashabiki hulipenda kuliko yote ni "familia". Ukipeleka makala unakaribishwa kwenye familia. Ukiulizia malipo wanakutazama kama mtu aliyeomba nauli matangani: kwani ndani ya familia watu hudaiana? Mwezi unaofuata makala yako imetoka. Ukurasa wa kushoto ni maneno yako, wa kulia ni tangazo la kampuni ya kamari, rangi zote. Kampuni hiyo haikuambiwa chochote kuhusu familia. Ililetewa ankara.

Nataka tuzungumze juu ya ankara. Najua hapa tumezoea kubishana juu ya ushairi huru na tafsiri, na kuna watakaosema mambo ya pesa yapelekwe kwingine. Hapana, yakae hapa hapa. Wengi wenu mnaosoma haya mnaandika pia, na wengi mlianza kwa kuandika juu ya kitu mlichokipenda: timu, bendi, filamu, katuni, hadithi za kubuni za kisayansi. Huko ndiko mtu anakojifunza kuandika. Huko pia ndiko anakojifunza kutolipwa, na somo hilo la pili huwa gumu sana kulisahau.

Lakini tuwe waadilifu kwanza. Kuna uandishi wa bure ambao hauna dhuluma yoyote. Mwaka 1930 vijana wapenzi wa hadithi za kisayansi walianza kutoa kijarida chao mjini Chicago, The Comet, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake. Miaka kumi baadaye vijarida hivyo vikapata jina, fanzine, nasi tuseme fanzini. Uchumi wake ulikuwa rahisi. Ukichangia makala, unapewa nakala. Ukiandika barua ya maoni, unapewa nakala. Ukiwa na kijarida chako, tunabadilishana. Mhariri ndiye aliyenunua stensili, wino na stempu, na mara nyingi mwisho wa mwaka yeye ndiye aliyekuwa amepoteza zaidi kuliko wote. Tuzo za Hugo zina kitengo cha fanzini tangu 1955 na cha mwandishi shabiki tangu 1967, na ni heshima kweli kweli. Hakuna wa kumdai mwenzake pale kwa sababu hakuna aliyekula.

Kwa hiyo kama wewe na marafiki zako watano mnatoa nakala mia moja za kijarida cha Gor Mahia kwa mashine ya fotokopi na kuzigawa uwanjani, mimi sina neno. Endeleeni, na mniwekee moja.

Shida huanza siku kijarida kinapopata bei juu ya jalada na bei ya tangazo kwa robo ukurasa. Hapo kipimo changu ni kimoja tu: nani amelipwa? Mchapaji hawashi mtambo bila amana. Msanifu wa kurasa hafungui kompyuta. Dereva anayepeleka mizigo Kisumu na Mombasa anataka mafuta. Mhariri ana mshahara, hata kama unachelewa. Kama kila aliyeligusa jarida amelipwa isipokuwa aliyeliandika, hiyo si fanzini tena. Ni biashara iliyovaa fulana ya mashabiki.

Na biashara hiyo inaweza kuwa kubwa. Kule Marekani kampuni ya Vox Media ilijenga mtandao uitwao SB Nation, mamia ya tovuti, kila timu na yake, na walioziandika na kuzisimamia walikuwa mashabiki wenyewe. Mwaka 2017 mwanahabari Laura Wagner alichapisha kwenye Deadspin uchunguzi wake juu ya jinsi watu hao walivyokuwa wakilipwa. Mwaka huo huo msimamizi mmoja wa tovuti ya timu ya hoki akaenda mahakamani. Alidai alifanya kazi saa 30 hadi 40 kwa wiki na kupewa dola 125 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe: inakuja kama dola moja kwa saa, au pungufu. Hatimaye kampuni ikakubali kulipa dola milioni 4 kuzimaliza kesi za namna hiyo. Lakini kabla ya hapo, Desemba 2019, sheria mpya ya kazi ya California ikiwa karibu kuanza, kampuni ilikatisha mikataba ya waandishi wapatao 200 wa jimbo hilo. Na wapo waandishi walioilaumu sheria kuliko kampuni, kwa sababu iliwawekea kikomo cha makala 35 kwa mwaka kwa kila chombo. Sisemi kwamba sheria hutibu kila kitu. Nasema tu kwamba kule angalau mtu alikokotoa dola kwa saa akazisoma mbele ya hakimu. Huku kwetu hatujafika hata kwenye kukokotoa.

Ila ujira ni nusu ya jambo, tena ile nusu ndogo. Watu wakikasirika hukasirikia kiasi: eti wamenipa elfu mbili, eti wamenipa fulana na tiketi. Mimi ninachokiogopa zaidi ni kile kinachobaki baada ya elfu mbili kwisha. Makala ni ya nani kesho?

Chukueni mkasa maarufu kuliko yote. Mwaka 1933 kijana Jerry Siegel wa Cleveland alikuwa akitoa kijarida chake cha mashabiki, Science Fiction, na humo akachapa hadithi yake "The Reign of the Superman", michoro ikiwa ya rafiki yake Joe Shuster. Superman yule wa kwanza alikuwa mwovu mwenye kipara. Waliendelea kumfinyanga mpaka akawa shujaa tunayemjua, na mwaka 1938 wakauza kisa chake cha kwanza: kurasa 13, dola 10 kila ukurasa, jumla dola 130. Kisa hiki husimuliwa kila siku kana kwamba ubaya wake ni udogo wa dola 130. Sivyo. Dola 10 kwa ukurasa ilikuwa bei ya kawaida ya wakati ule, na vijana wale hawakupunjwa kwenye bei. Walichopoteza kilikuwa kwenye karatasi waliyotia saini kupokea hundi: haki zote za mhusika, kwa mchapishaji, daima. Ingekuwa dola 130 hizo hizo kwa ruhusa ya kuchapa mara moja, tungekuwa na hadithi nyingine kabisa. Mwaka 1975, baada ya kelele nyingi hadharani, Warner ilikubali kuwapa kila mmoja pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Wakati huo Siegel alikuwa karani na Shuster macho yake yamefifia.

Mbegu ya yule mhusika, kumbukeni, ilioteshwa kwenye fanzini, mahali pasipo na malipo wala mkataba. Ushabiki haukuwadhuru hata kidogo. Aliyewadhuru ni mfanyabiashara aliyejua tofauti kati ya kununua kurasa na kununua haki, wakati wao hawakuijua.

Sheria ya Marekani ya leo ni bora zaidi kwa mwandishi wa kujitegemea, na inafaa tuielewe kabla ya kuja nyumbani. Kwa mujibu wa sheria yao ya hakimiliki ya 1976, ukimwandikia mwenye jarida makala bila kuajiriwa naye na bila kutia saini kuhamisha haki, makala inabaki yako. Yeye anapata ruhusa ya kuichapa ndani ya toleo lile, ndani ya marekebisho ya toleo lile, na ndani ya matoleo ya baadaye ya jarida lile lile. Basi. Kimya kinamlinda mwandishi.

Juu ya kimya hicho ndipo ilipojengwa kesi ya Tasini. Jonathan Tasini alikuwa rais wa chama cha waandishi, National Writers Union. Mwaka 1993 yeye na wenzake waliyashtaki magazeti, The New York Times likiwamo, kwa kuuza makala zao kwenye hifadhidata za kompyuta bila kuwauliza wala kuwaongezea senti. Wachapishaji wakajibu kwamba hifadhidata ni "marekebisho" tu ya gazeti. Mahakama ya kwanza iliwakubalia, na jaji aliyewakubalia alikuwa Sonia Sotomayor, ambaye leo yuko Mahakama ya Juu. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikageuza. Juni 2001 Mahakama ya Juu, majaji 7 kwa 2, hukumu ikiandikwa na Ruth Bader Ginsburg, ikasema waandishi wako sahihi: makala iliyong'olewa kwenye gazeti ikawekwa peke yake ndani ya hifadhidata si gazeti lile tena.

Shangwe hazikudumu. Gazeti lilitangaza kwamba litaondoa makala zipatazo 115,000 kwenye hifadhidata badala ya kuzilipia. Na tangu katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeshaanza kuwadai waandishi wa kujitegemea watie saini kutoa haki zote kabla ya kuchapwa. Yaani kesi ilishinda kwa makala za zamani, na mkataba ukashinda kwa makala zote zilizofuata. Waandishi waliofungua kesi ya pamoja kudai fidia waliisubiri hadi 2018 ndipo hundi zikaanza kufika, na wapo waliokuwa wameshafariki. Mmoja wa waliokuwa msitari wa mbele upande wa waandishi alikuwa Irvin Muchnick, mwandishi wa habari za mieleka. Nalipenda jambo hilo. Mtu aliyeandika juu ya kitu ambacho wakubwa wa fasihi hukicheka ndiye aliyefanya jina lake lisomwe Mahakama ya Juu mwaka 2010.

Hayo ni ya Marekani, na msomaji wa Kenya anaweza kudhani sheria yake inasema vivyo hivyo. Inasema kinyume.

Fungueni Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, Na. 12 ya 2001, kifungu cha 31. Kinaanza vizuri: hakimiliki huanzia kwa mtunzi. Halafu linakuja lile "isipokuwa". Kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki itachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama mmekubaliana vingine. Msome tena polepole. Hamhitaji kutia saini kitu ili kuipoteza kazi. Mnahitaji makubaliano ili kuibakiza. Kimya kile kilichomlinda Tasini New York kinamvua nguo mwandishi wa Nairobi.

Na sisi tunafanya kazi kwa kimya. Mhariri anapiga simu, "Hebu niletee maneno elfu moja na mia mbili juu ya mashabiki wa benga, nataka kabla ya Ijumaa." Unasema sawa. Umeagizwa. Hujakubaliana kingine. Kwisha.

Haya si ya kubuni. Miaka michache iliyopita niliandika mfululizo wa makala tano kwa jarida moja la mashabiki wa muziki hapa mjini. Sitalitaja. Malipo yalikuja kwa M-Pesa, kidogo kidogo, mengine baada ya miezi minne. Sikulalamika sana. Kisha nikakuta makala zote tano ndani ya kitabu cha ukumbusho, karatasi inayong'aa, kikiuzwa shilingi 1,500 kwenye tamasha. Zilikuwa maneno yangu, kwa mpangilio wangu, hata ule mzaha wa mzee wa Siaya na gitaa lake nilioubembeleza siku mbili. Jina langu halikuwamo popote. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole mkubwa, "Lakini dada, si tulikuagiza sisi?"

Aliyenijibu hivyo alikuwa amesoma kifungu cha 31, au mtu alimsomea. Alichokuwa hajakisoma ni kifungu kinachofuata. Kifungu cha 32 kinasema mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake ikikatwakatwa kwa namna ya kumharibia heshima, hata baada ya hakimiliki kuhama. Haki hizo haziuziki ukiwa hai. Toleo la pili la kitabu lilikuwa na jina langu, herufi ndogo, ukurasa wa mwisho. Pesa sikuongezewa, na kisheria sikuwa na cha kudai.

Wasomaji wa Tanzania wana sheria yao ya 1999 na wana COSOTA. Someni ya kwenu neno kwa neno, msiazime ya kwangu.

Mtaniambia, dada, hayo ni makala tano ndani ya kitabu cha tamasha, si Superman. Kweli. Lakini angalieni kinachouzwa sasa. Tangu mwisho wa 2023 wachapishaji wakubwa wamekuwa wakisaini mikataba na kampuni za akili mnemba. Axel Springer ilifanya hivyo na OpenAI, Financial Times ikafuata, na Agosti 2024 Condé Nast nayo. Kumbukumbu nzima za magazeti zinakodishwa kwa mkupuo mmoja. Ni ile hifadhidata ya Tasini imerudi na njaa kubwa zaidi. Mchapishaji anayemiliki kila kitu anaweza kukikodisha chote bila kupiga simu hata moja, na jarida dogo la mashabiki lenye makala elfu tatu za Kiswahili, lugha ambayo maandishi yake mtandaoni ni haba, limekalia mali kuliko linavyojua. Siku likijua, nani ataulizwa? Aliye na haki. Rudini kifungu cha 31.

Sasa pingamizi, maana nimelisikia mara nyingi na si la kipumbavu: jarida dogo halina pesa, ukilibana litafungwa, na mashabiki watapoteza mahali pao. Naam, mengine hayana pesa. Basi yanunue kidogo. Asiyeweza kununua ng'ombe hununua kilo ya nyama, haondoki na ng'ombe kwa bei ya kilo. Jarida lenye elfu mbili linaweza kununua haki ya kuchapa mara ya kwanza, kwa Kiswahili, ndani ya toleo moja, na kuiweka mtandaoni kwa mwaka mmoja. Kitabu, tafsiri, filamu, kukodishia mashine, vyote vibaki kwa mwandishi, na siku ikitokea haja wapigiane simu. Hilo haliongezi hata shilingi kwenye gharama ya toleo. Ndiyo maana mhariri anayesema "hatuna bajeti" na papo hapo anataka haki zote ananitia shaka. Bajeti inahusu nini hapo? Haki haikugharimu kitu kuiacha.

Kuna na hili linalotuhusu sisi wenyewe, tulioandika bure kwa muda mrefu mpaka tukaanza kuona fahari. Shabiki mwenye mshahara benki anayesema "mimi naandika kwa mapenzi" anashusha bei ya yule ambaye makala ndiyo kodi ya nyumba. Apende anavyotaka, ila asimtangazie mhariri kwamba hakuna haja ya kulipa.

Kwa deni la kawaida, yaani mlikubaliana kiasi na hukulipwa, njia ipo na haitumiwi. Mahakama ya Madai Madogo, kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri limalizwe ndani ya siku 60. Kule New York sheria iliyoanza Mei 2017 inamtaka anayempa mwandishi wa kujitegemea kazi ya dola 800 au zaidi ampe mkataba wa maandishi, na amlipe ndani ya siku 30 kama hawakupanga tarehe. Sisi hatuna ya namna hiyo. Tuna mahakama ndogo na simu zenye ujumbe wa WhatsApp, ambao ni ushahidi, msiufute.

Jambo moja zaidi kabla sijaacha, na hili ni tafsiri yangu ya sheria, wakili wako aitazame. Kifungu kinasema kazi "iliyoagizwa". Makala uliyoiandika kwanza kwa hamu yako, kisha ukaipeleka kwa mhariri, hakuna aliyeiagiza. Mwandishi shabiki, ambaye mara nyingi huandika kabla ya kuulizwa, ana nafuu hapa asiyoijua. Iwekeni tarehe. Jitumieni wenyewe kwa baruapepe kabla ya kumtumia mtu mwingine.

Na ikiwa umeagizwa kwa simu, jibu kwa maandishi kabla hujaandika hata sentensi moja. Mimi hutuma hivi: "Asante kwa kuniagiza makala hii. Nakupa haki ya kuichapa mara moja kwenye toleo lenu na kuiweka kwenye tovuti yenu kwa miezi kumi na miwili, jina langu likiwapo. Hakimiliki na matumizi mengine yote yanabaki kwangu. Tafadhali thibitisha ili nianze."

Mwezi uliopita mhariri wa jarida la mashabiki wa soka alinipigia, akaniita mwanafamilia, nikamtumia maneno hayo. Alikaa siku mbili. Kisha akajibu kwamba jina halina shida, miezi kumi na miwili haina shida, ila hiyo ya "matumizi mengine yote" bosi wake haielewi. Nimemwambia nitaieleza. Makala bado sijaianza.